Sifuri Iko Wapi?

Wewe uliye jikoni na mbuzi ya nazi, wewe uliyebanwa kwenye matatu ukirudi kutoka kisiwani, wewe uliyekaa barazani hapa Magogoni, Kisauni, Mombasa, ukingoja adhana ya magharibi, karibu. Nakuomba dakika zako chache.

Leo nazungumza juu ya mashine. Si ya kushona, wala si ya kusaga unga. Ni mashine ndogo ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ile ambayo mafundi huiita CNC. Ni ndogo kiasi cha kukaa juu ya meza ya chai. Mimi ninayo, iko kwenye kibanda cha mabati uani kwangu, na tangu ifike nimeulizwa maswali mengi na majirani. Wengi huuliza bei. Wengine huuliza kama inaweza kuchonga mlango wa Lamu. Vijana huuliza kama italeta kazi, wazee huuliza kama itaondoa kazi. Yote ni maswali ya haki, na mengine nitayafikia. Lakini mashine yenyewe ina swali lake, ambalo hukuuliza kila mara kabla haijala hata unyuzi mmoja wa mti. Swali hilo ni hili: sifuri iko wapi? Lishike hapo kidogo. Tutarudi kwalo, tena si mara moja.

Kwanza tuijue yenyewe. Fikiria fremu ya alumini, kama fremu ya dirisha iliyolazwa chini. Ndani yake mna meza ndogo ya kuwekea ubao. Juu ya meza pana daraja, na kwenye daraja imening'inia mota yenye biti. Mota inazunguka kwa kasi, biti inakula mti. Hadi hapo hujaona jipya, maana hata keekee ya umeme inazungusha biti. Jipya ni mota nyingine tatu. Moja inasukuma kulia na kushoto. Ya pili, mbele na nyuma. Ya tatu, juu na chini. Kila moja imeshikana na skrubu ndefu, na inakwenda kwa hatua za kuhesabika: hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Kwenye mashine nyingi za ukubwa wa yangu, mzunguko mmoja wa skrubu unasogeza kazi milimita 4. Zigawe hizo milimita 4 mara 200, utapata kijisehemu chembamba kuliko unywele wa kichwa chako. Kwa vijisehemu hivyo mashine inaweza kuhesabu kutwa nzima bila mkono kutetemeka.

Na kompyuta inaiambia nini? Inaipa amri fupi fupi, mstari kwa mstari. Nenda kulia milimita 20. Teremka nusu milimita. Nenda mbele milimita 30, polepole. Panda. Basi. Lugha hiyo huitwa G-kodi, na ukifungua faili lake utaona herufi X, Y na Z, kila moja na namba yake ubavuni. Ukiitazama mara ya kwanza utadhani ni uchawi, lakini ni maelekezo tu, kama unavyomwelekeza mgeni njia ya nyumbani kwako.

Sasa nikuulize, msikilizaji. Nimesema, nenda kulia milimita 20. Kutoka wapi? Mgeni ukimwambia, pita nyumba tatu kisha pinda kulia, si lazima ujue amesimama wapi? Mashine haina macho. Haiuoni ubao. Haijui kama umeweka mvule, umeweka plastiki, au hukuweka kitu. Inaanza kuhesabu kutoka pale ulipoiambia wewe kwamba hapa ndipo mwanzo, hapa ndipo sifuri. Ukikosea hapo, kila kitakachofuata kitakosewa kwa usahihi kamili. Ndiyo maana nasema swali la kwanza ni lile lile: sifuri iko wapi?

Neno sifuri lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na neno la Wazungu la zero limechipuka kutoka shina hilo hilo. Ni neno lililozoea bahari na biashara.

Kuweka sifuri ya juu na chini kuna ufundi wa bure kabisa, na naueleza kwa sababu nilipoteza biti kadhaa kabla sijafundishwa. Chukua kipande cha karatasi ya daftari. Kiweke juu ya ubao, chini ya biti, mota ikiwa imezimwa. Teremsha biti kidogo kidogo huku unaisogeza karatasi kwa vidole. Itafika mahali karatasi inaanza kukwama, haijapasuka ila inasita. Hapo ndipo. Iambie mashine hapo ni sifuri, ukikumbuka kwamba unene wa karatasi uko katikati. Karatasi ya shilingi moja inakupa kipimo ambacho jicho haliwezi kukupa.

Siku moja sikufanya hivyo. Nilikuwa na haraka, nachonga kibao cha jina la nyumba ya shemeji yangu. Nikakadiria kwa jicho, tena nikasahau kwamba nimebana ubao kwa kibano cha chuma upande wa kushoto. Biti ikakimbia moja kwa moja kwenye kile kibano. Nilisikia mlio mmoja, kisha kipande kikaruka kikagonga bati la ukuta. Nilikuwa nimevaa miwani ya kazi. Tangu siku hiyo mtu yeyote akiingia kwenye kibanda changu, awe mtoto au mzee wa mtaa, anavishwa miwani kwanza, halafu ndipo tunasalimiana.

Mashine hii imetoka wapi? Nipite upesi hapa, maana ni hadithi ndefu. Marekani, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, bwana mmoja aitwaye John Parsons alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Umbo la panga lile ni gumu kulichonga kwa macho, na Parsons akawaza kuiongoza mashine kwa namba. Kazi ikapelekwa chuo cha MIT, na mwaka 1952 wakaonyesha hadharani mashine ya kwanza ya aina hiyo. Ilisoma amri zake kutoka utepe wa karatasi wenye matundu. Ilikuwa kubwa, na ya gharama ambayo serikali ndiyo ingeweza kuibeba.

Hapa Kenya tunayo hadithi yetu pia, na naona hatuisimulii vya kutosha. Mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya. Mwaka 1990 magari matano yakaonyeshwa, yakaitwa Nyayo Pioneer. Watu huyakumbuka kama mradi uliokufa, kwa sababu fedha zilikosekana na gari halikuingia sokoni. Lakini ili kutengeneza vipuri vya gari lile ilibidi kuwe na karakana zenye mashine za kuchonga chuma kwa namba. Gari lilikwama, karakana zikabaki, na kampuni ya mradi huo ikachukua jina jipya: Numerical Machining Complex. Karakana ya kuchonga kwa namba. Jina hilo hulisikii likitajwa barazani, lakini mimi nikilikumbuka najua kwamba wako Wakenya waliokuwa wakiandika amri hizi za X na Y wakati mimi naenda shule na daftari la hesabu chini ya kwapa.

Kilichoileta mashine kutoka karakana ya taifa hadi ua wa Magogoni ni ukarimu wa watu wasiojuana. Mwaka 2005 walimu na wanafunzi mjini Ivrea, Italia, walitoa kibao cha umeme cha bei nafuu kiitwacho Arduino, wakaacha michoro yake wazi kwa kila mtu. Mwaka 2009 bwana mmoja wa Norway, Simen Svale Skogsrud, akaandika programu iitwayo GRBL, ya kufanya kibao hicho kiongoze mota tatu, naye akaiacha bure. Programu ya kuchorea, Inkscape, ni bure. Nyingine ya kuchora vitu vyenye kina, FreeCAD, ni bure pia. Unachonunua ni alumini, mota na waya. Akili yake ulishapewa.

Haya. Sasa inafanya nini? Inachonga mbao, inachonga plastiki, inakata pespeksi, inachora shaba nyembamba. Fundi wa redio anaweza kuchongea njia za umeme juu ya kibao cha shaba. Alumini inawezekana, kwa subira nyingi na biti yenye makali. Chuma cha pua sahau, na chuma cha kawaida sahau pia. Fremu yake ni nyepesi, ukiisukuma kwa kidole kwa nguvu utaiona inapinda. Kwa hiyo hata kwenye mti mgumu mimi huilisha kina cha nusu milimita kila mpito, haizidi milimita moja. Ukiwa na pupa utasikia mota inalia, mota ya skrubu inaruka hatua, na sifuri yako imepotea bila mashine kukuambia.

Nikupe mfano wa kazi moja, tuifuate tangu mwanzo. Kazi hiyo ni bao. Bao la kete, lile linalochezwa barazani mpaka chai inapoa.

Bao lina mashimo 32: safu nne, kila safu mashimo manane. Na kila mchezaji ana shimo lake moja la mraba, nyumba. Mashine yangu uwanja wake ni sentimita 30 kwa 18. Bao zima halienei hapo hata kidogo. Nilikaa na karatasi na penseli siku mbili, nikaamua kutengeneza bao la kukunja, nusu mbili zilizoungwa kwa bawaba. Ukikata bao katikati, kila nusu inabaki na safu nne za mashimo manne manne. Nikalitengea kila shimo sentimita nne pamoja na ukingo wake. Nne mara nne, sentimita 16. Inaenea!

Halafu nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona, nami nimecheza bao tangu utotoni. Nyumba yako iko safu ya ndani, shimo la tano ukihesabu kutoka kushoto kwako. Mwenzako aliyekukabili naye vivyo hivyo, shimo la tano kutoka kushoto kwake yeye. Kama una bao karibu hebu litazame sasa. Nyumba yako imeangukia nusu ya kulia. Nyumba ya mwenzako, kwa kuwa kushoto kwake ndiko kulia kwako, imeangukia nusu ya kushoto. Kila nusu ina nyumba moja. Na ukiizungusha nusu moja ielekee upande wa pili, inafanana na ya pili shimo kwa shimo. Maana yake ni nini kwa mwenye mashine? Mchoro mmoja. Faili moja. Inakatwa mara mbili. Wazee waliotuachia bao hawakuwa na kompyuta, lakini mpango huo waliuweka wao, na umekaa humo unangoja.

Nikachora, nikabana ubao wa kwanza, nikaweka sifuri kwenye pembe ya nje, kushoto mbele, kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Mashine ikaanza baada ya adhuhuri, ikamaliza karibu na magharibi. Siku ya pili nikakata nusu nyingine. Mashimo yalikuwa mazuri, laini kama ndani ya bakuli. Nikaziweka nusu mbili pamoja, na moyo ukanishuka. Katikati, pale zinapokutana, pengo lilikuwa pana kuliko mapengo mengine yote. Bao lilionekana kama meno yenye mwanya.

Mashine ilikosea? Hapana. Mbao zangu nilizikata kwa msumeno wa mkono, na hazikulingana. Mimi nikaiambia mashine ianze kupima kutoka ukingo wa nje. Basi tofauti yote ya msumeno wangu ikasukumwa ndani, kwenye maungio, mahali ambapo jicho la mchezaji linatazama kila dakika. Nilipaswa kuanzia kwenye ukingo wa bawaba. Hapo mashimo ya katikati yangekutana sawasawa, na tofauti ingekwenda nje, ambako randa ingeimaliza kwa mikwaruzo mitatu. Sifuri iko wapi? Nilidhani swali hilo linahusu mashine. Kumbe linauliza ni mahali gani katika kazi hii pasipovumilia kosa, na hilo seremala yeyote mzuri analijua kabla hajashika penseli. Zile nusu mbili za kwanza ziko jikoni, zinawekewa viungo: iliki, mdalasini, karafuu, kila shimo na chake.

Sasa mambo ya hapa kwetu, ambayo hutayakuta kwenye kijitabu cha maelekezo kilichoandikwa ng'ambo.

La kwanza, umeme. Nilisema mashine haitetemeki na inahesabu vizuri. Ndiyo, lakini hesabu hiyo iko hewani. Umeme ukikatika hata kwa kupepesa jicho, mota zinalegea, na ukirudi mashine haijui tena iko wapi. Ubao uko nusu, biti iko ndani ya shimo, na sifuri imekufa. Wangapi wetu hapa Kisauni tumekaa wiki nzima bila taa kuzimika? Kwa hiyo fanya mambo mawili. Nunua betri ya UPS, kama ile ya kompyuta za ofisini, kwa sababu mashine ndogo haili umeme mwingi. Na kabla ya kuanza kazi yoyote ndefu, toboa kijitundu kimoja pembeni mwa ubao, mahali patakapotupwa, na uandike kipimo chake. Umeme ukirudi, rudisha biti kwenye kile kijitundu, iambie mashine, tulikuwa hapa, kisha endelea. Kijitundu hicho kimeniokolea kazi nyingi kuliko kifaa chochote nilichonunua.

La pili, bahari. Sisi tunaishi ndani ya chumvi. Skrubu zile ndefu zikiachwa wazi msimu mmoja zinaota kutu, na kutu kwenye skrubu ni hatua zinazokwama. Zifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Nasema kidogo, maana mafuta mengi hunasa vumbi yakawa tope. Ukimaliza kazi, ifunike kwa kitambaa cha pamba, usiifunike kwa nailoni, kwa sababu nailoni hufungia unyevu ndani. Na ubao nao una msimu wake. Ubao ulioupima kaskazi, hewa ikiwa kavu, usitarajie uwe na upana ule ule masika. Ulaze mbao zako ndani ya kibanda wiki kadhaa kabla ya kuzikata, zizoee hewa ya pale.

La tatu ni vumbi, na hapa nakuomba uache unachokifanya, unisikilize. Mashine hii haitoi maganda marefu kama randa. Inatoa unga. Unga mwembamba, unaoelea, unaoingia kifuani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka vumbi la mbao katika vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwarobaini vumbi lake ni chungu, utalionja kooni. Zile mbao za kubandika, MDF, vumbi lake lina gundi pia. Nimewaona vijana wameiweka mashine hii chumbani, kitanda kiko hapa, mashine iko pale. Vijana wangu, msifanye hivyo. Iweke uani, vaa barakoa ya kazi inayokaza usoni, tumia mashine ya kufyonza vumbi, na kama hunayo, subiri vumbi litue kisha ufute kwa kitambaa kibichi. Usilipulize kwa mdomo. Na ikiwa unakata plastiki, zoa chenga zote, kwa sababu zikichukuliwa na mvua zinakwenda kwenye hori la Mtwapa au la Tudor na kuingia kwenye mikoko. Sisi ndio watu ambao ndugu zetu Lamu, akina fundi Ali Skanda, waliunda jahazi zima la plastiki iliyookotwa, Flipflopi, wakalishusha majini mwaka 2018 na kulifikisha Zanzibar mwaka uliofuata. Haifai sisi huku tumwage chenga.

Na nguo. Dada yangu, mama yangu, kazi hii ni yako kama ilivyo ya mwanamume, tena mkono uliozoea kufuma kofia una subira inayotakiwa. Lakini leso ikazwe, mtandio ufungwe nyuma, mikono ya buibui ikunjwe mpaka juu ya kiwiko. Kaka, kikoi nacho kiache nyumbani. Wala usivae glavu. Watu hudhani glavu inakinga. Kwenye kitu kinachozunguka, glavu ndiyo inayovutwa ikaja na kidole.

Kelele sitaisema sana. Inapiga yowe moja, refu, la saa nzima na zaidi. Mimi nilibisha hodi kwa majirani watatu kabla ya kuiwasha mara ya kwanza. Mama wa nyumba ya nyuma aliomba nisikate wakati mtoto wake amelala mchana, na nisikate wakati wa adhana. Tukakubaliana hivyo.

Sasa lile swali la wazee. Je, itawaondolea mafundi wa nakshi kazi?

Eneo letu hili lina historia ya mikono. Bombolulu, jirani kabisa, tangu 1969 kuna karakana ambako watu wenye ulemavu wanafanya kazi za vito, ngozi na mbao. Changamwe wako wachongaji Wakamba na ushirika wao ulioanza 1963. Wao ndio, mpingo na muhugu vilipoanza kuadimika, waligeukia mwarobaini, mti unaoota hata nyuma ya choo, wakajifunza tabia zake upya. Hao si watu wanaoogopa mabadiliko. Na milango ya Mji wa Kale mnaijua, mfaa katikati, miimo pande mbili, na nakshi zisizofanana na za mlango wa jirani.

Nitasema ninavyoona, na nimeyapima kwa saa ya ukutani. Kitu kimoja, mkono uko mbele. Ami yangu mmoja hapa mtaani, fundi wa nakshi wa siku nyingi, anachonga ua lenye petali nane kabla mimi sijamaliza kulichora kwenye kompyuta. Vitu 20 vinavyofanana, mashine iko mbele, kwa sababu haichoki na cha ishirini kinafanana na cha kwanza. Vibao vya namba za vyumba, kalibu za sabuni, mihuri, vifaa vya watoto vya kujifunzia herufi: hizo ni kazi zake. Lakini kuna jambo la umbo ambalo hakuna fedha inayoliondoa. Biti ni ya duara. Inazunguka. Kitu cha duara hakiwezi kuingia kwenye pembe ya ndani ikawa kali. Itabaki imeviringika, kidogo au sana kulingana na unene wa biti. Iko biti yenye ncha kama herufi V, ambayo ikipandishwa taratibu kwenye pembe inakaribia kuikata kali, na ni nzuri kwa maandishi. Lakini shimo lenye kina, lenye kuta zilizosimama na sakafu iliyolala, pembe zake ni za patasi. Nakshi yetu imejaa pembe hizo.

Kuna jambo linaloniudhi, nami nalisema wazi. Wako wanaochukua picha ya mlango wa mtu, wakaipitisha kwenye kompyuta, wakakata kwa mashine, kisha wakamuuzia mgeni wakimwambia ni kazi ya mkono ya Lamu. Huo ni wizi mara mbili, kwa mwenye nakshi na kwa mnunuzi. Ukichonga kwa mashine, sema umechonga kwa mashine. Bei yake itakuwa ya haki, na ya Ami itabaki ya haki pia.

Basi wewe kijana uliyeweka akiba, ununue au usinunue? Nakuuliza kwanza, una kazi gani mkononi leo? Kama tayari unatengeneza vibao, au fremu, au unarekebisha redio, na kuna sehemu moja ya kazi hiyo inayokurudisha nyuma kila wiki, mashine itaingia pale pale na utaielewa upesi. Kama huna kazi, na unangoja mashine ikuletee, subiri. Nenda kwanza Swahilipot Hub pale mjini, ukae na vijana wenzako wanaocheza na teknolojia. Kama una njia ya kuingia Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ingia. Chuo kile wazee walikijua kama MIOME, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951 ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki washike mashine kwa mikono yao. Shika kwanza mashine ya mwenzio, uvunje biti mbili tatu ukiwa na mtu wa kukueleza kwa nini imevunjika. Na ukipanga fedha usihesabu mashine peke yake. Hesabu biti, betri, barakoa, vibano, na mbao utakazoharibu. Mimi niliharibu nyingi.

Nimalizie lile bao. Mbao mpya nilizipata za mwembe, na mara hii sifuri niliiweka kwenye ukingo wa bawaba. Nusu zikakutana kama viganja vya mtu anayeomba dua. Nikalipeleka kwa Ami, nikiwa na furaha ya mtoto wa Idi. Akalifungua, akalikunja, akalifungua tena. Akapitisha kidole ndani ya mashimo, moja baada ya jingine, akinyamaza. Alipofika kwenye nyumba, kidole kikasimama.

"Mwanangu," akaniambia, "nyumba gani hii haina pembe?"

Nikaanza kumweleza, Ami, biti ni ya duara, haiwezi kufika. Hakungoja nimalize. Alikuwa ameshanyoosha mkono chini ya kiti, akatoa patasi nyembamba yenye mpini uliong'aa kwa jasho la miaka. Nyumba mbili, pembe nane. Chai yangu ilikuwa bado moto alipopuliza chenga ya mwisho.

Bao hilo liko barazani kwake. Ukipita baada ya alasiri utasikia kete zikigonga. Wiki ijayo, inshallah, tutazungumza juu ya kunoa.